LUSHOTO: MJI ULIOJENGWA KWA AJILI YA BARIDI, UKABEBWA NA KABICHI

 

Kila nikiteremka Dar na kusema natokea Lushoto, naulizwa maswali mawili tu. La kwanza: "Huko si ndiko kwenye baridi ile mbaya?" La pili: "Eti mji wenu alijenga Mjerumani?" Kuhusu baridi jibu ni ndiyo, mwezi wa saba ukija bila sweta utaumbuka. Kuhusu Mjerumani jibu ni ndiyo na hapana, na linahitaji maelezo. Nimechoka kuyarudia kwenye basi, kwa hiyo leo nayaandika yote mara moja.

MJI UKO WAPI?

Lushoto ni makao makuu ya Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, ndani ya milima ya Usambara Magharibi, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Dar, Tanga au Arusha unaachana na barabara kuu pale Mombo, chini kwenye joto, halafu unapanda kilometa 33 hivi za lami yenye kona. Katikati unapita Soni na maporomoko yake. Masikio yanaziba, wenye roho nyepesi wanafumba macho.

Ukifika unakuta mji mdogo: barabara moja kubwa, stendi, soko, majengo ya serikali, msikiti, makanisa, na vilima kila upande. Kuuzunguka kwa mguu haikuchukui muda. Lakini wanaoutegemea ni wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya nzima, wakati huo ikiwa pamoja na Bumbuli. Wengi wao hawakai mjini, wanakaa vijijini kwenye miteremko, na mjini wanakuja kwa soko, kesi, shule na hospitali.

KABLA YA MJERUMANI

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Milima hii ilikuwa na dola kabla Mzungu hajaiona. Makao yake hayakuwa Lushoto, yalikuwa Vugha, upande wa Soni. Masimulizi ya wazee yanasema mwindaji aitwaye Mbegha alitoka Nguu, akawaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mazao, akagawa nyama, akaamua magomvi, watu wakamfanya mfalme. Hiyo ni karne ya 18. Ukoo wake ni Wakilindi, na mpaka leo ukitaja jina hilo huku, wazee wanakaa vizuri kwenye kiti.

Mfalme aliyevuma zaidi ni Kimweri ye Nyumbai, ambaye sauti yake ilisikika mpaka karibu na pwani. Mmisionari Krapf alipanda kumtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Kimweri alifariki 1862, na baada yake watoto na wajukuu wakapigana. Semboja alikaa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, akapata bunduki. Watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Nchi ikadhoofika kabla Mjerumani hajabisha hodi.

Shikeni maneno mawili ya Kisambaa, nitayarudia. Mfalme mzuri, ambaye mvua inanyesha na watu wanakula, alisemwa anaifanya nchi iwe nzima: kuzifya shi. Mbaya alisemwa anaiharibu: kubana shi. Yaani kiongozi alipimwa kwa hali ya ardhi, si kwa maneno yake.

WILHELMSTAL

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Mwaka 1895 serikali ya Kijerumani ilimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha, ikamweka Kinyashi. Nguvu ikahama kutoka Vugha kwenda kwenye boma jipya, na mji huo mpya wakauita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaiser wao Wilhelm II. Ndiyo Lushoto ya leo.

Kwa nini hapa? Ni baridi. Pwani joto na malaria viliwasumbua, huku walipumua kama wako kwao. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na hapo kupanda Wilhelmstal kukawa rahisi. Masetla wakaja na mashamba yao. Kule Shume kampuni ya Wilkins & Wiese ikakata mierezi na kuishusha mpaka Mkumbara kwa waya wa angani, kabla hata ya vita ya 1914. Fikiria, magogo yanaruka juu ya makorongo!

Na mfanyakazi alipatikana vipi? Kuanzia mwaka 1907 kila mwanaume wa wilaya alipewa kadi: ndani ya kila miezi 4 afanye kazi siku 30 kwa Mzungu kwa ujira uliopangwa, la sivyo akasukumwe kwenye kazi za umma. Kwa hiyo mtu akisema "Mjerumani alijenga Lushoto", muulize nani alibeba mawe.

Hata ua la Usambara linalouzwa Ulaya kwenye vyungu vya madirishani, walilipa jina Saintpaulia, jina la ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyetuma mbegu kwao mwaka 1892. Ua letu, jina lake. Si unajua tena.

Juni 1916 jeshi la Uingereza liliingia, na jina la Wilhelmstal likafia hapo.

MWINGEREZA NA MATUTA

Mwingereza naye aliipenda baridi. Gavana alikuwa na nyumba yake ya mapumziko hapa, ndiyo sababu mpaka leo tuna Ikulu ndogo. Lakini kitu ambacho wazee wanakikumbuka kwa uchungu ni matuta.

Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo, baadaye ukasambaa sehemu nyingine za Usambara. Sheria ilisema shamba la mteremko lilimwe kwa matuta. Asiyefanya alishtakiwa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba kazi ilikuwa ngumu mno na wengi waliobeba jembe walikuwa kina mama, matuta yalikula nafasi ya mazao, na watu walihofia kwamba shamba likishatengenezwa vizuri watanyang'anywa. Bibi mzaa baba alikuwa mtoto wakati huo. Anasema mama yake alikuwa anarudi jioni anakaa chini bila kusema neno, chakula wanapika watoto.

Wasambaa walikataa. Upinzani huo ukakutana na TANU iliyokuwa inakua, na mwaka 1957 mpango ukafutwa. Tusimame hapo kidogo wadau: kwenye milima hii kudai uhuru kulianzia shambani, kwenye swali la nani anaamua jembe lipite wapi.

BAADA YA UHURU

Uchifu ulifutwa mwaka 1963. Udongo ukaendelea kushuka bondeni. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP kwa msaada wa Wajerumani (ndiyo, walirudi, safari hii bila bunduki), ukaenda mpaka 2000. Huo ulihimiza kupanda miti shambani, majani ya guatemala kwenye kingo za kontua, na ng'ombe kufugwa bandani ili mbolea isipotee. Tofauti na matuta, majani ya kingo yalimlisha ng'ombe, kwa hiyo mkulima aliona faida yake. Ukipita vijijini bado utayaona.

Mji wenyewe ukapata kazi nyingine. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, kwa hiyo hakimu anayekuhukumu huko kwenu huenda amewahi kutetemeka kwa baridi yetu. Watalii nao wanakuja kupanda Msitu wa Magamba kuona mbega, na kwenda Irente kutazama nyika ya Mazinde iliyolala chini. Jibini na jamu za Irente ziulizie, hutajuta.

TABIA YA MJI LEO

Siku za gulio ni Alhamisi na Jumapili. Njoo siku hizo uone Lushoto halisi. Kina mama wanashuka na mizigo kichwani: kabichi, karoti, viazi, hoho, maharage, na msimu ukifika plamsi na pichesi. Jioni mafuso yanajazwa, usiku yanateremka Mombo, asubuhi mboga ziko Dar. Watu wa huku wapole, wanasalimiana mpaka unachelewa basi, ila kwenye bei ni wagumu. Bahati mbaya mgumu zaidi ni dalali.

Na hapa nisema ukweli wangu. Babu alikuwa na shamba moja zuri. Likagawanywa kwa watoto, baba akapata kipande. Sisi wanaume tuko wanne. Ukigawa tena, mtu anapata sehemu ya kufugia kuku. Wenzangu wengi niliomaliza nao fomu foo wako Dar, wengine wanauza vitu vya mkononi, wengine wako madukani Kariakoo. Waliobaki wanalima mpaka juu kabisa, kwenye mteremko ambao bibi anasema zamani haukuguswa. Mvua ikija udongo unashuka mwekundu mpaka barabarani, na vijito tulivyochota maji utotoni vingine vimekuwa mawe matupu wakati wa kiangazi.

Zamani tungemlaumu mfalme kwamba amebana shi. Mjerumani tulimlaumu kwa kadi, Mwingereza kwa matuta. Sasa hivi jembe tunalishika sisi wenyewe.

Kwa leo naishia hapa. Wadau wa Mlalo, Bumbuli, Soni, Mtae na kwingineko, tupieni maoni hapo chini: kwenu wazee wanasemaje kuhusu matuta? Na nyie mlioshuka Dar, mnafikiria kurudi, au ndiyo basi tena?