Chipsi za Masala: Chakula cha Nani?

Muhula uliopita, chama chetu kilipokuwa kinapanga usiku wa vyakula, karatasi ilizungushwa ili kila mwanachama aandike atakachopika. Wenzangu waliandika pilau, mahamri, maharagwe ya nazi, ugali na sukuma wiki. Mimi niliandika chipsi za masala. Karatasi iliponirudia, kando ya jina langu palikuwa pameandikwa kwa penseli: "Hiki si chakula chetu, ni cha Waingereza." Sote tuliokuwa mezani tulicheka. Kisha nikafuta nilichoandika, nikaandika sambusa.

Njiani kurudi bwenini kicheko kiliniishia. Nilizaliwa Leicester, wazazi wangu ni watu wa Mombasa, na Kiswahili changu kingi nimekipata jikoni kwa mama. Chipsi za masala alizipika kila Ijumaa jioni, nasi watoto tukimenya viazi na kugombania zile ndogo zilizokauka sana. Kama chakula hicho si chetu, basi nimelelewa kwa chakula cha nani? Kwa kuwa ninasoma historia, nimeona nifanye kile ambacho walimu wetu hutuambia: kabla ya kubishana, fuatilia. Makala haya yanafuatilia sahani moja ya chipsi, kitu kimoja baada ya kingine, mpaka kilikotoka.

Tuanze na kiazi chenyewe. Asili yake si Uingereza. Watu wa milima ya Andes, hasa pande za Ziwa Titicaca lililo kati ya Peru na Bolivia za leo, walikilima kwa maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajakiona. Kwa lugha ya Kiquechua walikiita papa. Walijua hata kukigandisha kwa baridi ya usiku na kukianika kwa jua la mchana, mpaka kikawa kikavu cha kuwekwa ghalani kwa miaka. Wahispania waliiteka dola ya Inka katika miaka ya 1530, na kabla ya karne hiyo kwisha kiazi kilikuwa kimeshavuka bahari hadi Ulaya.

Huko hakikupokewa kwa shangwe. Wengi walikiona ni chakula cha mifugo na mafukara. Mfaransa Antoine-Augustin Parmentier, aliyekuwa mtaalamu wa dawa, alikizoea alipokuwa mfungwa wa vita huko Prussia, kisha akatumia miaka mingi kuwashawishi wenzake wakile. Lakini maskini walikuwa wamekwisha kukitegemea. Ugonjwa wa viazi ulipoingia Ireland mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakahama. Kwa hiyo hata hapa visiwani kiazi kilikuwa mgeni aliyekuja kuwa mwenyeji, na kimeacha makaburi nyuma yake.

Na kukikaanga je? Wabelgiji na Wafaransa hadi leo wanagombania nani alianza. Waingereza nao wana ugomvi wao. Charles Dickens alitaja vipande vya viazi vilivyokaangwa katika riwaya yake ya mwaka 1859, A Tale of Two Cities. Mji wa Oldham, kaskazini mwa Uingereza, unadai chipsi zilianzia sokoni kwake. Kuhusu duka la kwanza la samaki na chipsi, wengine humtaja Joseph Malin wa London na wengine John Lees wa Mossley, wote katika miaka ya 1860. Jambo ambalo halina ugomvi mkubwa ni kwamba samaki wa kukaangwa aliletwa Uingereza na Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno. Yaani chakula kinachoitwa cha Waingereza kuliko vyote ni kiazi cha Andes kando ya samaki wa wakimbizi. Hata hivyo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipogawa vyakula vingi kwa kadi, samaki na chipsi waliachwa nje ya kadi, kwa sababu walikuwa chakula cha mfanyakazi wa kawaida. Hakuna aliyesema si chao.

Sasa twende kwetu. Kiazi hiki tumekipa majina mengi, na kila jina lina habari yake. Bibi yangu wa Mombasa hukiita kiazi ulaya. Jina hilo halisemi kilikozaliwa, linasema kililetwa na nani. Wengine wa pwani na visiwani husema mbatata, neno lililo jamaa na batata la Kireno na la Kiarabu, ambalo mizizi yake iko visiwa vya Karibi, na huko lilikuwa jina la kiazi kitamu. Kenya bara wengi husema waru, neno la Kikikuyu. Tanzania ni kiazi mviringo, kwa umbo lake tu, bila kumtaja mtu.

Kiazi hicho hakipendi joto la pwani, hupenda nyanda za juu zenye baridi. Kilikuja Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na walowezi na wamisionari, kikashika mizizi katika sehemu kama Nyandarua na Meru nchini Kenya, na Mbeya na Njombe nchini Tanzania. Hapa lazima nikiri kwamba aliyeandika kwa penseli hakukosea kabisa. Nchini Kenya, mlowezi aliyeleta mbegu alichukua na ardhi. Nyanda za juu nzuri kuliko zote zilitengwa kwa Wazungu, na wenyewe wakageuzwa vibarua juu yake. Kukiita kiazi "chetu" bila kukumbuka jambo hilo kungekuwa kujipendelea. Lakini waliokilima kwa mikono yao, waliokibeba magunia na waliokimenya ni watu wetu. Aina inayotumiwa sana kwa chipsi Kenya leo, Shangi, hulimwa na wakulima wadogo kwenye vishamba vyao.

Ili kiazi cha bara kifike Mombasa kwa wingi, ilihitajika njia. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Waingereza waliajiri wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa, na elfu chache wakabaki. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa pwani tangu zamani, lakini baada ya reli maduka yao yalifuata kila kituo. Hapo ndipo masala inapoingia sahanini: bizari, jira, dhania na kitunguu saumu. Mombasa tulikuwa tumeshazoea viungo kwenye pilau, na viazi vya karai vilivyochovywa kwenye unga wa dengu vikawa chakula cha barabarani cha kila mtu. Kutoka hapo mpaka chipsi zilizochanganywa na rojo la nyanya, pilipili na dhania si mbali. Leo ukiagiza chipsi masala Nairobi au Mombasa, hakuna mhudumu atakayekuuliza ni chakula cha kabila gani.

Nilidhani safari imeishia hapo, kumbe kuna kipande kilichorudi mpaka mtaani kwetu. Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda watoke nchini, akawapa siku 90. Wapatao 28,000 walikuja Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasije Leicester, kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikuja hata hivyo. Leo ukipita Belgrave Road, kwenye orodha za vyakula za migahawa utakuta mogo: mihogo iliyokatwa kama chipsi, ikakaangwa na kutiwa pilipili na ndimu. Mogo ni muhogo. Neno letu lilisafiri midomoni mwa watu waliofukuzwa, likapoteza silabi moja njiani, likaishi. Mama yangu anasema siku ya kwanza alipoliona neno hilo, akiwa mgeni, baridi ikimtesa na hamjui mtu, alisimama nje ya mgahawa akalisoma mara mbili. Akaingia, akaagiza kwa Kiswahili, na mzee wa Kigujarati aliyekuwa nyuma ya kaunta akamjibu kwa Kiswahili: "Karibu, binti. Pilipili nyingi au kidogo?"

Kwa hiyo chipsi za mama zimepikwa na watu wengi. Naandika hapa anavyozipika, kwa sababu jambo hili nalo ni historia, na halijaandikwa popote ila mikononi mwake.

Chagua viazi vyenye wanga mwingi. Hapa Uingereza mama hununua Maris Piper, aina iliyotolewa mwaka 1966 na watafiti wa Cambridge. Usiviweke kwenye friji, kwa sababu baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi huwa nyeusi kabla hazijaiva. Vimenye, uvikate unene wa kidole, kisha uvioshe mpaka maji yawe meupe. Maji yale ya maziwa ni wanga wa juu, nao ndio unaofanya chipsi zigandamane. Vichemshe kwa maji ya chumvi na kijiko cha siki mpaka vilainike pembeni lakini visivunjike. Vichuje, uvitandaze kwenye kitambaa safi vikauke kabisa. Mama hurudia neno hili, kabisa, kwa sababu maji ndiyo adui wa ukavu.

Kaanga mara mbili. Mara ya kwanza kwa mafuta ya moto wa wastani, nyuzi 140 hivi, mpaka viive ndani bila kubadilika rangi. Vitoe vipoe. Mara ya pili kwa nyuzi 180 hadi 190, dakika chache tu, mpaka viwe vya rangi ya dhahabu na vilie ukivitikisa. Usijaze sufuria, na mafuta yakishika moto usitie maji kamwe: zima jiko, funika ikiwa unaweza kufanya hivyo bila hatari, la sivyo toka uite msaada. Sisi wa bwenini, ambao kengele ya moshi hulia hata tukiunguza mkate, tuvitie mafuta kidogo na kijiko cha wanga wa mahindi, tuvioke katika joto kali na kuvigeuza mara moja.

Masala hupikwa kando. Kaanga kitunguu saumu, tia jira, bizari ya manjano na pilipili ya unga, halafu nyanya zilizosagwa. Liache rojo likauke mpaka mafuta yajitenge. Mimina chipsi wakati wa kula tu, geuza haraka, malizia kwa dhania mbichi na ndimu. Ukizichanganya mapema zitalowa, na kazi yote ya kukaanga mara mbili itakuwa bure.

Nikirudi kwenye ile karatasi, sasa naisoma kwa jicho jingine. Ugali tunaojivunia ni wa mahindi, na mahindi yalitoka Amerika kama kiazi. Maharagwe vilevile. Pilipili vilevile. Mchele wa pilau ulitoka Asia, na ngano ya mahamri haikuanzia kwetu. Tukitaka usiku wa vyakula vilivyozaliwa Afrika tu, tutakunywa uji wa wimbi na kula mtama. Ni vyakula vizuri, lakini sidhani kama ndivyo mwenzangu alivyomaanisha. Alipoandika "chetu" alimaanisha kile anachokumbuka kwao. Nami vilevile.

Kwa hiyo nadhani swali "kimetoka wapi?" na swali "ni cha nani?" ni maswali mawili. La kwanza hujibiwa na vitabu, na mara nyingi jibu lake lina meli, vita na ardhi iliyoporwa ndani yake, wala hatupaswi kulificha. La pili hujibiwa na waliokipika siku baada ya siku, wakawalisha watoto wao, wakakipa jina kwa lugha yao. Sisi tuliozaliwa huku tunaulizwa maswali hayo mawili kwa pamoja, karibu kila wiki: umetoka wapi, wewe ni wa nani? Ndiyo maana maneno yale machache ya penseli yaliniuma kuliko nilivyotarajia.

Usiku wa vyakula wa muhula huu ni mwezi ujao. Karatasi ikizungushwa, nitaandika chipsi za masala kwa kalamu ya wino. Aliyeandika kwa penseli namkaribisha wa kwanza, na nitamuuliza swali moja tu: pilipili nyingi au kidogo?