Datsun 240Z: Namna ya kuchagua matairi na rimu bila kuliharibu gari

Datsun 240Z ni gari la michezo la milango miwili lililotengenezwa Japani kuanzia 1969 hadi 1973. Afrika Mashariki jina lake lilipata umaarufu kupitia mbio za Safari Rally. Lilishinda 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews.

Magari hayo sasa yana zaidi ya miaka 50. Injini inafufuliwa, bodi inapigwa rangi, lakini matairi yakiisha ndipo wengi wanapochemka. Saizi ya kiwandani ni adimu madukani, kwa hiyo mtu anapewa "inayokaribiana" na kuondoka. Wiki mbili baadaye tairi linasugua springi kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki, hadi linapasuka gari likiwa kwenye mwendo.

Haya ndiyo mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa.

Kwanza, jua gari lilitoka kiwandani na nini

240Z ilitoka na rimu za chuma zenye kipenyo cha inchi 14 na upana wa inchi 4.5. Kila rimu inashikwa na nati nne, na duara la matundu ya nati lina kipenyo cha milimita 114.3. Tairi lake lilikuwa la radial, upana milimita 175.

Kwa macho ya leo tairi hilo ni jembamba. Lakini gari lenyewe lina uzito wa tani moja na kidogo tu, na halina pawa stelingi. Wembamba ule ndio unaofanya usukani uwe mwepesi. Ukiweka tairi pana sana, kuegesha tu kutakutoa jasho.

Namba za ubavuni zina maana gani?

Chukua mfano wa 195/65R15 91H:

- 195 ni upana wa tairi kwa milimita.
- 65 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana.
- R ni radial.
- 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.
- 91 ni uwezo wa kubeba, hapa kilo 615 kwa tairi moja.
- H ni mwendo wa juu unaoruhusiwa, kilomita 210 kwa saa. S ni 180, T ni 190 na V ni 240.

Matairi ya zamani mara nyingi hayana namba ya katikati. Ukikuta 175 R14 peke yake, ubavu huwa ni takriban asilimia 80 ya upana.

Kasi ya juu ya 240Z ni karibu kilomita 200 kwa saa. Hata kama huna mpango wa kufika huko, tafuta H au zaidi. Herufi hiyo inaonyesha pia jinsi tairi linavyovumilia joto, na joto ndilo adui wa tairi kwenye safari ndefu.

Kanuni kubwa: kimo kisibadilike

Unaweza kubadili rimu, upana na ubavu. Kitu cha kulinda ni kimo cha tairi zima, kutoka chini hadi juu. Kikibadilika sana, spidomita inadanganya, gia zinabadilika nguvu, na tairi linaweza kugusa bodi.

Hesabu yake ni rahisi, simu yako inatosha. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha jibu kwa 2, kisha jumlisha kipenyo cha rimu (inchi moja ni milimita 25.4).

Kwa 240Z majibu ni haya:

- 175/80R14 (sawa na ya kiwandani): milimita 636
- 195/70R14: milimita 629
- 195/65R15: milimita 634.5
- 205/60R15: milimita 627
- 205/55R16: milimita 632
- 195/60R14: milimita 590

Tano za kwanza zinakaribiana vizuri. Ya mwisho ndiyo mtego. Rimu ni ile ile ya inchi 14 na tairi linaingia bila shida, lakini kimo kimepungua kwa zaidi ya asilimia 7. Spidomita ikisoma 100, gari linakwenda 93 hivi. Injini inazunguka zaidi, mafuta yanaisha zaidi, na tumbo la gari linashuka kama sentimita 2 karibu na matuta.

Tairi refu kupita kiasi nalo lina kesi yake. Kwa 225/70R14, spidomita ikisoma 80 wewe uko zaidi ya 84. Trafiki mwenye tochi hatasikiliza maelezo ya saizi ya tairi.

Inchi 14, 15 au 16?

14: Hii ni ya anayetaka gari libaki kama lilivyozaliwa. Kampuni kama Michelin na Pirelli bado zina matairi yanayotengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani, ila huwa ni ya kuagiza na bei yake imesimama.

15: Kwa gari linalotembea barabarani kila wikiendi, hii ndiyo yenye unafuu. Saizi ya 195/65R15 inatumiwa na Toyota Prius na magari mengine mengi, hivyo ukipata pancha mbaya mjini hutasubiri meli. Kimo chake kinapishana na cha kiwandani kwa milimita moja hivi tu.

16: Inapendeza machoni na lami inashikwa vizuri. Lakini ubavu wa 205/55R16 ni milimita 113, wakati wa kiwandani ulikuwa 140. Ubavu huo ndio unaopokea shimo kabla ya rimu. Kama njia yako ina mashimo, fikiria mara mbili.

Jambo jingine ni breki. Wamiliki wengi wa 240Z hufunga kalipa za Toyota Hilux zenye pistoni nne ili gari lisimame vizuri zaidi. Baadhi ya rimu za inchi 14 hugusa kalipa hizo. Malizana na breki kwanza, rimu baadaye.

Upana wa rimu nao una mipaka

Kosa la kawaida ni kununua tairi pana na kulivika kwenye rimu ya zamani ya inchi 4.5. Tairi la 205/60R15 linataka rimu ya kati ya inchi 5.5 na 7.5. La 195/70R14 linataka kuanzia inchi 5. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, tairi linavimba katikati, gari linayumba kwenye kona, na linalika vibaya.

Ofseti: kipimo kinachosahaulika

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na sehemu inayokaa kwenye habu. Ndiyo inayoamua gurudumu likae ndani au litokeze nje.

Rimu nyingi za magari ya kisasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele zina ofseti ya kama milimita 40. 240Z inataka ndogo, kati ya sifuri na 15 hivi. Ukifunga rimu ya kisasa, gurudumu linaingia ndani kwa sentimita 2.5 hadi 4 na kwenda kukutana na shokapu na kikombe cha springi. Hapo ndipo ule msuguano wa kimyakimya unapoanza.

Kuna wanaotibu kwa kuweka speza nene. Tahadhari: speza hula urefu wa bolti, na nati ikishika nyuzi chache gurudumu linaweza kuchomoka.

Nati za Toyota hazifai

Nyuzi za nati za Datsun ni M12x1.25. Za Toyota ni M12x1.5. Kwa macho zinafanana, na fundi mwenye haraka anaweza kulazimisha kwa spana ya umeme. Matokeo yake ni bolti kuharibika nyuzi. Anza kufunga kwa mkono. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja au miwili, acha.

Angalia pia tundu la katikati ya rimu. Likiwa kubwa kuliko habu, weka ringi ya kujaza nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetemeka kwenye kasi.

Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka

Gari la zamani hutembea kidogo, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kuisha. Tafuta alama ya DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000. Liweke ukutani kama pambo, barabarani hapana.

Mpira ukianza kupasuka mistari midogo ubavuni, usidanganywe na mifereji mirefu.

Kabla hujalipa, fanya hivi

1. Funga gurudumu moja la mbele na moja la nyuma.
2. Geuza usukani hadi mwisho, kushoto na kulia.
3. Teremsha gari chini, kalisha watu wawili, kisha pitisha mkono kati ya tairi na springi. Vidole vikikosa nafasi, hiyo si saizi yako.
4. Tembea taratibu juu ya tuta na usikilize.
5. Rudi kwa fundi baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zikazwe upya.

Upepo ujazwe kwa kufuata kitabu cha gari kama saizi haijabadilika. Kama imebadilika, anzia hapo na upime tairi likiwa baridi. Namba ya juu iliyoandikwa ubavuni ni kikomo, siyo kiwango cha kujaza.