Mchi, Chungu na Mtambo wa Supu: Habari za Jikoni Mapendo

Mwaka mmoja ndugu yetu akaaye Ubelgiji alitupelekea Mapendo birika kubwa la chuma kisichoshika kutu, lenye waya wa umeme ubavuni na visu vidogo chini ya mfuniko wake, akatuandikia kwamba chombo hicho hupika supu chenyewe: mtu hutia mboga mbichi na maji, akabonyeza kitufe, akaenda zake kusali au kufagia ua, na arudipo baada ya dakika 20 au 30 huikuta supu imekwisha kuiva na kusagika, laini mithili ya uji wa mtoto. Shangazi yetu, ambaye jiko ni lake na kauli yake humo ni sheria, alikigeuzageuza mikononi, akakifunua, akalipima kwa jicho tumbo lake, kisha akauliza swali moja tu: "Na mifupa inaingilia wapi?"

Mtu wa mbali aweza kulidhania swali hilo kuwa mzaha wa mama mtu mzima, ilhali ndani yake mna taarikhi ya jiko letu takriban yote. Supu katika Mapendo, mtaa huu wa komini ya Goma uliosongamana nyumba za mbao juu ya miamba myeusi ya volkeno, ni maji ya mifupa na nyama yaliyochemka muda mrefu hata yakatoa mafuta yake, yakatiwa chumvi, kitunguu na pilipili, yakanywewa asubuhi na mwenye homa, na mwenye uchovu, na mwenye kuamka na kichwa kizito kwa mambo ya jana usiku. Kusaga kupo kwetu, tena kwingi, lakini huja kabla ya moto: wenzetu wa Ulaya husaga kilichoiva ili kipite kooni bila taabu, nasi twasaga kibichi kwa sababu tusipokisaga hakiliki. Muradi wangu ni sombe.

Sombe ndiyo ambayo watu wa pwani huiita kisamvu na watu wa Kinshasa huiita pondu, yaani majani machanga ya muhogo. Na muhogo wenyewe si mzaliwa wa nchi hizi. Wareno waliutoa Brazil katika karne ya 16 wakaufikisha pwani ya magharibi, penye ufalme wa Kongo, na toka huko ukasafiri mto kwa mto, mikononi mwa wakulima na wachuuzi, hata ukafika nchi ya maziwa makuu. Kisha zama za Wabelgiji ukapata nguvu mpya, kwani watawala waliwashurutisha watu kuupanda uwe akiba ya siku za njaa. Lakini mti huo ulikuja na hatari yake, maana majani yake yana kitu ambacho hugeuka sumu ya sianidi, na dawa ya sumu hiyo ni kinyume cha vile ambavyo mtu angedhani: ni lazima jani lipondwe kwanza, vichembe vyake vipasuke, sumu izaliwe na kupeperuka hewani, ndipo liende motoni likachemke saa nzima na zaidi bila kufunikwa mwanzoni. Mwanamke atwangaye sombe kwa robo tatu ya saa afanya kazi ya maabara, ingawa yeye atakuambia tu kwamba sombe isiyotwangika hupandisha kichwa na kukoroga tumbo.

Kinu cha Mapendo kina mazoea yake. Huku hakuna udongo wa kukikalisha kikatulia, kwani moto wa Nyiragongo, ambao ulishuka mwaka 1977, ukashuka tena tarehe 17 Januari 2002 ukaukata mji hadi ziwani, umetuachia sakafu ya mawe makali. Basi wenye hekima hukiwekea chini kipande cha tairi kuukuu, na mchi ukishuka sauti yake huwa nzito, ya kumezwa, ambayo hupita kuta za mbao kana kwamba hazikuwapo, hata jirani wa nyumba ya tatu akajua nani leo anapika nini. Wanawake wawili hupokezana michi, mmoja akipandisha mwingine akishusha, na katikati ya mapigo mtoto huingiza mkono kwa haraka kurudisha majani yaliyoruka, akatupia kitunguu saumu na pilipili mbichi. Wengi wetu tuliokulia hapa tulijifunza kuhesabu kwa mapigo hayo, na si wasichana wachache waliochelewa shule kwa ajili yake; jambo hili sioni sababu ya kulipamba.

Mtambo wa kwanza uliokitikisa kinu katika enzi yake ulikuwa mashine ya chuma ya kusagia nyama, ambayo kwetu ikatiwa sombe, ile yenye parafujo ndani na mkono wa kuzungusha nje, ibanwayo ukingoni mwa meza. Kubuniwa kwake aghalabu hunasibishwa na Karl Drais, Mjerumani, yule yule ambaye tarehe 12 Juni 1817 alitoka mjini Mannheim amepanda gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na pedali, akijisukuma kwa miguu yake. Mwenyeji wa Goma hahitaji sharhi juu ya gari hilo, kwa kuwa kila siku huliona ndugu yake, chukudu, likiteremka barabara za mlimani na magunia ya viazi, kabichi na makala. Wako wanahistoria wanaodhani kwamba Drais alilibuni kwa sababu farasi walikufa kwa kukosa malisho, baada ya mlima Tambora kule Indonesia kulipuka mwaka 1815 na majivu yake kuifanya Ulaya ikose kiangazi mwaka uliofuata. Sina hakika nao. Illa napendezwa kufikiri kwamba chukudu na mashine ya sombe huenda zote zina volkeno katika nasaba yao, na kwamba kwa hiyo zilipofika Goma zilikuwa zimefika nyumbani.

Baada ya mkono ikaja mota, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kwa kweli. Mteja huja na beseni la majani yaliyokwisha kuchambuliwa vijiti. Mwenye mashine huyashindilia mdomoni mwa chuma kwa kipande cha mti, maana kidole hakiaminiki kazi hiyo, na upande wa pili hutoka rojo la kijani kibichi lenye harufu ya shamba lililonyeshewa, likidondoka beseni lile lile. Malipo ni kwa kadiri ya mzigo, na fedha yenyewe ni ndogo. Wako wazee wasemao kwamba sombe ya mashine haina ladha kwa kuwa chuma hukata na mti huponda, na ulimi wangu huwapa haki; lakini sijamwona hata mmoja wao akishika mchi. Jambo la kuzingatia hapa, na ndilo litakalotusaidia kulihukumu birika la Ubelgiji, ni kwamba mashine hii haikuingia nyumba kwa nyumba. Aliinunua mmoja, wakaitumia mia. Hasara yake ikiharibika ni ya mmoja, na nafuu yake ni ya mtaa mzima. Huko Ufaransa, Jean Mantelet alipotoa mwaka 1932 kinu chake cha mboga cha kuzungusha kwa mkono, ambacho ndicho chanzo cha kampuni ya Moulinex, alitaka kila jiko liwe na chake. Sisi hatukupitia njia hiyo, wala sioni kwamba tulipungukiwa.

Kupika kwenyewe, hata hivyo, mashine hiyo haikukugusa. Sufuria, ambalo jina lake latokana na neno la Kiarabu la shaba na ambalo yamkini lilitufikia pamoja na lugha hii katika misafara ya Kasongo na Unyamwezi, bado hukaa juu ya mbabula, na mbabula hula makala. Pwani husema makaa. Sisi twasema makala, na tunapolitaja neno hilo twajua tunakotaja, kwani sehemu kubwa yake hutoka ndani ya Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la mfalme Albert, kongwe kuliko mbuga zote za taifa katika Afrika. Biashara ya gunia hilo jeusi imelisha wenye silaha na imeua. Mwezi wa Julai 2007 sokwe wa milimani, na miongoni mwao dume mkubwa Senkwekwe, walikutwa wamepigwa risasi, na watu waliwanyoshea kidole wafanya biashara ya makala. Mwezi wa Desemba 2015 mbuga hiyo hiyo ilifungua bwawa la umeme la Matebe katika mto Rutshuru, lenye uwezo wa megawati 13.8, kwa tamaa kwamba nyaya zingeliondoa gunia barabarani. Nyaya zilifika Goma, taa zikawaka, vinyozi na wachomeleaji wakanufaika. Lakini maharagi ya familia yalibaki juu ya makala, kwa kuwa jiko la umeme lina bei ya mwezi mzima na makala hununuliwa kwa kopo.

Na maharagi ndiyo shina la gharama. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari na mji uko juu ya ziwa, hivyo maji yetu huchemka yangali kwenye nyuzi 95 hivi, na punje ya haragi, isiyojua jografia, hudai saa tatu pale ambapo Mombasa ingetosheka na mbili. Dawa ya jambo hili ni ya kale kuliko umeme. Denis Papin, tabibu wa Kifaransa, aliwaonyesha wanachuoni wa London mwaka 1679 chungu cha chuma kinachofungwa kabisa, mvuke usipate pa kutokea ila kwa vali, hata joto la ndani likapita lile la maji ya kawaida; na miaka mitatu baadaye aliwaalika karamuni, akawalisha mifupa ya ng'ombe na kondoo iliyolainika ikakatika mfano wa jibini. Alichokusudia kilikuwa wazi: mafukara wapate supu yenye nguvu katika kile ambacho matajiri hukitupa, tena kwa kuni chache. Niliposoma habari hii nilimkumbuka shangazi. Swali lake lilikuwa limejibiwa zaidi ya miaka 300 kabla hajaliuliza, ila aliyelijibu hakuwa yule mwenye birika.

Birika lenyewe nisilitukane kupita kiasi. Lilipika supu ya karoti na viazi mara mbili, na babu asiye na meno aliisifu kwa dhati, na mtoto aliyekuwa ameanza kula naye akaikubali. Nyumba yenye mgonjwa wa koo au mzee kama yule, na yenye umeme usiotetereka, ingelitumia na kushukuru. Lakini tumbo lake ni lita 1.6, nasi tulikuwa watu 8, yaani kila mmoja kikombe kidogo cha chai, na njaa ingali imesimama mlangoni. Sombe halikuiweza, kwa sababu lilipika huku likisaga, na tumekwisha kuona kwamba utaratibu huo kwa sombe ni kinyume. Jioni ya tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, likatoa harufu ya mpira unaoungua na halikusema tena. Sasa shangazi ametia humo karanga za kukaanga, na mfuniko wake, lazima nikiri, hufunga vizuri kuliko kopo lolote tulilo nalo.

Mwaka uliofuata ndugu yetu aliuliza atuletee nini. Nilimwandikia kwa niaba ya mwenye jiko: chungu cha kufunga, kile cha mvuke, kisicho na waya wowote, cha lita 10 au zaidi. Kilikuja mwezi wa Agosti ndani ya sanduku la nguo. Siku ya kwanza watoto walikimbia waliposikia kinapiga mluzi, na jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna gari moshi. Maharagi yaliiva kabla ya saa moja kwisha, yakatolewa, ikatiwa mifupa ya kilo mbili kwa makala yale yale yaliyosalia. Shangazi alionja, akaongeza chumvi, akaniita nije niandike barua nyingine kabla sijasahau: pamoja na salamu, nimwambie atafute mipira miwili ya mfuniko, ya akiba, maana yeye alikuwa amekwisha kukifungua na kukitazama, na ameona kwamba hapo ndipo kitakapoanzia kuharibika.