Susu alisema niache tembe

Wasee, leo tunarudi nyuma kama miaka mia hivi. Mnivumilie, hii historia inanihusu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Watu walidhani ni karo. Haikuwa karo. Nilikuwa nalala mchana, usiku niko macho, chakula hakina ladha, na hiyo hali ikaenda karibu miaka miwili. Daktari akaiita dipresheni, akaniandikia tembe. Susu yangu kule Makueni aliposikia akasema: "Mwanangu, hayo ni mawazo tu. Achana na hizo tembe, kuja nikupeleke kwa mundu mue."

Kabla nimjibu nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni nani alitenganisha hospitali na mganga.

Mathari ilianza 1910, wakati wa mkoloni, kama nyumba ya kufungia "vichaa". Mwaka 1938 ikakabidhiwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hapo hadi 1950. Aliangalia Waafrika walioletwa, akaona wenye dipresheni ni wachache sana, akaamua kwamba huu ugonjwa ni nadra kwetu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa kichwa, nyuzi za mbele ya ubongo zikakatwa. Manze, soma hiyo tena.

Sasa angalia hesabu yake. Nani alikuwa anapelekwa Mathari? Aliyerusha mawe, aliyetembea uchi barabarani, aliyeshikwa na polisi. Mtu wa dipresheni hasumbui mtu. Anajifunika blanketi na kunyamaza. Askari angemshika kwa kosa gani?

Hao walionyamaza, kama walienda popote, walienda kwa waganga. Na serikali hiyo hiyo ilikuwa imepitisha Sheria ya Uchawi 1925. Kwa macho ya askari, mganga na mchawi walifanana. Kwa hivyo hospitali haikutuona, na aliyetuona alikuwa anachungulia dirishani.

Mtu aliyejaribu kuunganisha hizo pande mbili alikuwa Mnigeria. Mwaka 1954, Dkt. Thomas Adeoye Lambo alianza kazi Aro, mji wa Abeokuta. Badala ya kufungia wagonjwa, aliwaweka vijiji vya karibu, kila mmoja na ndugu yake wa kumwangalia. Wanatibiwa hospitali, kisha wanarudi kijijini. Waganga wa jadi nao akawaingiza kwa hiyo kazi. Baadaye yeye na watafiti kutoka Marekani wakaenda kuuliza watu huko huko wanakoishi. Ripoti yao ya 1963 ilionyesha dalili za dipresheni ni za kawaida kwa Wayoruba, hata kama hawakuwa na neno moja la kuziita. Kumbe ugonjwa ulikuwepo. Kilichokosa ni mtu wa kuuliza.

Na hapa kwetu? Huko huko Makueni, watafiti wa Kenya, timu ya Profesa David Ndetei, wamefundisha waganga na viongozi wa dini kutambua dipresheni kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Ni shirika lile lile lililochapisha Carothers.

Basi nikaenda na susu. Mzee alitukalisha chini ya mwembe asubuhi nzima. Aliuliza nalala saa ngapi, baba alifariki lini, ni nani nyumbani hatuongei. Akamwambia susu aite wajomba. Kliniki nilikuwa nimepewa dakika kumi. Hapo kwa mwembe nililia mara ya kwanza tangu mazishi.

Halafu akanifungia unga wa magome kwa gazeti, akasema niache tembe.

Hapo nilikataa. Si kwa sababu mitishamba ni uongo. Mti ukiwa na nguvu ya kuponya, uko na nguvu ya kudhuru pia. Kuna mmea unaitwa St John's wort, Ulaya unauzwa kama dawa. Tafiti zimeonyesha unaweza kusaidia dipresheni isiyo kali. Lakini ukiuchanganya na tembe za dipresheni unaweza kukuweka hatarini, na unapunguza nguvu ya dawa za kupanga uzazi na za ukimwi. Huo angalau umepimwa. Wangu ulikuwa kwa gazeti.

Kwa hivyo nilibeba yale mazungumzo, unga nikampelekea daktari auone. Tembe niliendelea nazo, maana kuziacha ghafla peke yako ni hatari. Wajomba walikuja. Susu alinuna wiki mbili. Siku hizi kila Jumapili ananipigia: "Umemeza?"

Sijapona kabisa. Lakini usingizi umerudi, na ninaandika tena.

Kama uko chini ya blanketi saa hii na hausumbui mtu, wewe ndiye Carothers hakuhesabu. Ambia mtu mmoja leo, awe daktari, susu, au rafiki. Ukikosa kabisa, piga 1199, Msalaba Mwekundu, ni bure.