Saa za Mwenye Duka

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa sana siku hizi na vijana wanaouza viungo, kanga, mafuta ya karafuu au vyumba vya wageni kwa njia ya mtandao, moja halikosi kurudi: mtu aliyejiajiri mwenyewe afanye kazi saa ngapi kwa siku? Swali hili huulizwa kana kwamba lilizaliwa jana, pamoja na simu ya mkononi. Kwa hakika ni kongwe kuliko simu, na katika visiwa hivi, ambavyo vimeishi kwa biashara karne nyingi, limewahi kujibiwa kwa njia zaidi ya moja.

Jawabu la wazee wa Mji Mkongwe lilionekana kwa macho. Lilikuwa mbao za mlango wa duka. Zikiondolewa asubuhi, biashara ipo. Zikirudishwa na komeo likatiwa, biashara haipo, hata kama mwenye duka yupo ghorofani anakunywa kahawa na watu wa nyumba yake. Mteja aliyekuta mbao zimefungwa hakuona kwamba ametukanwa. Alikwenda zake, akarudi alasiri. Duka la mtandaoni halina mbao wala komeo, na hapo ndipo penye tatizo. Ili kulifahamu vyema, inafaa kuangalia saa za kazi zilivyopimwa hapa kwetu, na nani aliyezipima.

Kipimo cha kwanza kilikuwa upepo. Neno msimu, ambalo asili yake ni Kiarabu, lilikuwa ndiyo kalenda ya mfanyabiashara. Majahazi ya Bara Arabu, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi, baina ya Disemba na Machi, na yakarejea kwao na kusi iliyoanza kuvuma Aprili. Katika miezi ya kaskazi bandari ya Unguja haikulala: tende, samaki wa chumvi, mazulia na nguo zilishushwa, pembe za ndovu, karafuu na boriti zikapakiwa, hesabu zikafanywa na madeni yakalipwa. Mtu alifanya kazi mpaka mwili ukasema basi. Lakini majahazi yalipoondoka, hapakuwa na njia ya kuyaita yarudi. Mwenye mali alilazimika kungoja, na katika kungoja huko akapata wasaa wa kukarabati nyumba, kuozesha watoto na kwenda ziara. Hakuna aliyemwamrisha kupumzika. Ni upepo uliomnyima la kufanya.

Kipimo cha pili kilikuwa jua na sala. Hesabu yetu ya saa yenyewe yashuhudia jambo hili, kwani saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya macheo, na saa moja ya usiku ni ya kwanza baada ya machweo. Mwanamfalme Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alieleza jinsi siku nzima ya watu wa hapa ilivyogawanywa na sala tano, ikiwa ni pamoja na kulala, kula na kutembeleana. Aidha, Sura ya Ijumaa, katika aya zake za 9 na 10, huwataka waumini waache biashara wanapoitwa kwenye sala, kisha huwaruhusu watawanyike kutafuta fadhila za Mola baada ya sala kwisha. Agizo hilo halikuilaumu biashara. Liliiwekea mpaka, na mpaka huo ulikuwa sawa kwa tajiri na maskini, kwa kuwa wote waliisikia adhana moja. Mwenye duka aliyefunga hakuogopa kwamba jirani yake angemnyang'anya mteja, maana jirani naye amefunga.

Si kila mtu, hata hivyo, aliyepimiwa kwa upepo na adhana. Mashambani kazi ilikuwa na kipimo chake. Katika pwani yetu mlimaji alipewa ngwe, yaani kipande cha shamba kilichopimwa kiwe kazi ya siku. Akimaliza ngwe yake mapema, siku iliyosalia ni yake. Mchumaji wa karafuu alipimiwa kwa pishi. Ngwe ina uadilifu ndani yake, kwa sababu inahesabu kilichofanywa badala ya kuhesabu muda aliosimama mtu juani. Lakini pia ina hatari, nayo ni hii: nani anayeikata? Katika karne ya kumi na tisa, wengi wa waliolima na kuchuma walikuwa watumwa, na aliyekata ngwe alikuwa bwana. Ada ya Unguja iliwaachia watumwa wa mashamba siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, walime vikonde vyao. Siku hizo mbili ndizo walizozihesabu kuwa za kwao katika juma zima. Anayetaka kujua thamani ya saa isiyo ya kazi na amfikirie mtu huyo, ambaye uhuru wake wote ulikuwa umo ndani ya siku mbili, na hata hizo akazitumia kulima ili ale.

Mjini palikuwa na kibarua, neno lililotokana na barua, kwa maana ya kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Vibarua wengi wa zamani walikuwa watumwa waliokodishwa, wakipokea ujira na kumpa bwana sehemu yake. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mwaka huohuo, wakati majengo yaliyoharibiwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 yalipokuwa yakitengenezwa, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, likatiwa mnara wa saa usoni pake. Mambo haya mawili hayakusababishana, lakini kukutana kwake kwafaa kutazamwa. Mtu alipoacha kuwa mali ya mwenziwe, alianza kuuza kitu kingine, nacho ni muda wake. Na muda unaouzwa hauna budi kuwa na mizani ambayo muuzaji na mnunuzi wote wanaiona.

Vita juu ya mizani hiyo vilikuwa vya dunia nzima. Nchini Uingereza, Robert Owen alikuwa tangu mwaka 1817 akihubiri kwamba siku igawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: saa nane za kazi, nane za burudani na nane za mapumziko. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma kudai saa nane, na siku tatu baadaye damu ikamwagika katika mji wa Chicago. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, uliowekea kazi za viwandani kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa juma. Mwaka 1930 ukafuata mkataba wa maduka na ofisi wenye kikomo hichohicho. Katika pwani yetu, migomo ya Mombasa ya mwaka 1939 na 1947, na mgomo mkuu wa Unguja wa mwaka 1948 ulioanzia bandarini, ilihusu zaidi ujira na ughali wa maisha, lakini ndani yake mlikuwa na suala la saa pia. Kibarua wa Mombasa alizoea kwenda bandarini siku azitakazo, na siku nyingine akavua au akalima. Waajiri waliuona uhuru huo kuwa ni uvivu. Baada ya migomo walitaka watu walioandikishwa, wenye kufika kila siku. Basi vibarua walipata uthabiti wa kazi, wakapoteza ruhusa ya kusema leo siendi.

Katika mikataba ile ya kimataifa mna kifungu ambacho hakitajwi sana. Ule wa mwaka 1919 haukuzihusu kazi zinazoendeshwa na watu wa familia moja tu, na ule wa mwaka 1930 uliziruhusu serikali kuyaacha nje maduka ya namna hiyo. Sababu yake ni nyepesi kufahamika: sheria ilikusudia kumkinga mtu na bwana wake, na katika duka la mume, mke na watoto haikuonekana bwana ni nani. Matokeo yake ni kwamba saa nane, zilizopatikana kwa jasho na damu, hazikupata kuwa za mwenye duka dogo. Yeye alilindwa na mbao za mlango wake, na jua, na adhana. Mfanyabiashara wa mtandaoni wa leo ameketi palepale penye pengo la sheria, lakini mbao hana, na jua la mteja wake si jua lake.

Mambo haya hayakuanza na intaneti. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Neno simu lenyewe, ambalo asili yake ni Kiajemi, maana yake ni waya. Kabla ya hapo, habari za bei ya karafuu zilikuja kwa chombo, na chombo kilikuja kwa upepo au kwa ratiba ya meli. Baada ya hapo bei ya London iliweza kufika Forodhani siku yoyote, na tajiri aliyelala akaweza kuamka amekuwa maskini. Huo ndio mwanzo wa kukatwa kwa kamba iliyofunga biashara na msimu. Iliyobaki ilikatwa katika zama zetu: fedha zilianza kutumwa kwa M-Pesa nchini Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2009 nyaya mpya za baharini zikatua Mombasa na Dar es Salaam. Waya wa mwaka 1879 ulikwisha katika ofisi ya kampuni, na ofisi ilikuwa na mlango. Wa leo unakwisha chini ya mto wa kulalia.

Ikiwa saa sita za usiku Unguja, New York ni saa kumi au kumi na moja za jioni, na mteja wa huko ametoka kazini, ana fedha, na anauliza bei. Akijibiwa papo hapo, hufurahi, na kesho huuliza saa hiyohiyo. Mwenye duka hudhani anamhudumia mteja mmoja, kumbe anatunga ada, na ada ikishatungwa ni nzito kuivunja. Hapo ndipo mtu anapokuwa sultani na kibarua kwa wakati mmoja: ni yeye anayekata ngwe, ni yeye anayeilima, na kila akikaribia mwisho wake huusogeza mbele. Bwana wa shamba alikuwa na haya ya ada, akaziacha Alhamisi na Ijumaa. Mtu aliye bwana wa nafsi yake hana wa kumwonea haya.

Je, historia inatoa idadi? Inatoa kikomo: saa 48 kwa juma ndizo ambazo dunia, mwaka 1919, ilikubaliana kwamba mwili wa mtu haufai kuzidishiwa, na hapana dalili kwamba mwili umebadilika tangu hapo. Lakini kikomo hicho kina maana ikiwa hesabu ni ya kweli. Anayesema hufanya kazi saa nne, naye hujibu wateja mezani, kitandani na kwenye arusi ya nduguye, hajahesabu. Kufunga mzigo ni kazi, kwenda posta ni kazi, kupiga picha za bidhaa ni kazi, na kungoja jibu huku jicho liko kwenye simu ni kazi ngumu kuliko zote.

Zaidi ya idadi, historia inatoa desturi tatu zinazoweza kurejeshwa. Ya kwanza ni ngwe yenye mpaka: kuamua asubuhi kazi ya siku ni ipi, kuiandika, na ikimalizika kuwa huru, pasipo kujiongezea kipande. Ya pili ni mbao za mlango: saa zinazotangazwa wazi kwa wateja, za asubuhi hadi adhuhuri, kisha alasiri hadi magharibi, ili mteja wa mbali ajue atajibiwa lini. Mteja anayekubali kungoja mzigo wiki tatu baharini anaweza kungojea jibu usiku mmoja. Ya tatu ni msimu. Zipo nyakati, kama za kuelekea Idi au za watalii wengi, ambapo hapana budi kukesha, na hata masoko yetu hukesha mwezi wa Ramadhani. Kosa si kukesha. Kosa ni kuifanya kaskazi ivume mwaka mzima, bila ya kuwapo miezi ya kukarabati chombo.

Hapana shaka yupo atakayesema kwamba mwenye njaa hachagui saa. Ni kweli, na hata watumwa waliolima vikonde siku ya Ijumaa walifanya hivyo kwa sababu ya njaa. Ila njaa ni jambo moja na khofu ni jambo jingine, na wengi wanaokesha na simu leo hawakeshi kwa njaa, bali kwa khofu kwamba mwingine hajalala. Khofu hiyo wazee waliiondoa kwa kufunga pamoja. Wauzaji wa mtandaoni wa mtaa mmoja, wanaofahamiana na kuuza bidhaa za namna moja, wanaweza nao kupatana saa ya kufunga, na mapatano hayo hayahitaji sheria ya serikali wala mkataba wa kimataifa.

Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib ulianguka tarehe 25 Disemba 2020, pamoja na sehemu kubwa ya uso wa jumba. Jioni ile jua lilikuchwa kama kawaida, adhana ya magharibi ikasikika, na katika vichochoro vya Mji Mkongwe wenye maduka wakarudisha mbao zao, wakatia makomeo, wakaenda majumbani.