Akisami: Asili na Kiasi

Katika madarasa ya hisabati ya Tanzania jambo hili huitwa sehemu, na katika vitabu vya Kiswahili vya Kenya mwanafunzi hukutana nalo kwa jina la akisami, neno la Kiarabu lenye maana ya mafungu. Nami nalipenda zaidi hili la pili, kwa kuwa mtoto akisikia sehemu hufahamu kipande chochote, kikubwa au kidogo, ilhali akisami haiwi akisami mpaka mafungu yawe sawasawa.

Usawa huo ufundishwe kwanza. Mwalimu na atwae utepe wa karatasi, aukunje ncha kwa ncha mara tatu, kisha aukunjue. Wanafunzi watauona una mafungu manane yaliyolingana, kila moja thumuni, na yule aliyedhani kuwa thumuni ni kubwa kuliko robo, kwa sababu nane imezidi nne, atajionea kwamba kila mafungu yakizidi kuwa mengi ndivyo kila fungu linavyozidi kuwa dogo. Hapana maelezo ya ubaoni yatakayomkinaisha kama karatasi ile iliyomo mkononi mwake.

Tarakimu iliyo chini ya mstari huitwa asili, na ya juu huitwa kiasi. Asili yaeleza kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi, na kwayo fungu hupata jina: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Kiasi chahesabu mafungu yaliyotwaliwa, basi. Na hapa lugha yetu imemfanyia mwalimu hisani kubwa, kwani twasema robo tatu, jina mbele na hesabu nyuma, vilevile kama tusemavyo vibaba vitatu. Na mtoto ajuaye kuwa vibaba viwili na kimoja ni vitatu hatatatizwa na robo mbili na robo moja. Lakini akianzishwa kwa "tatu juu ya nne", huona namba mbili zilizobebana, na siku atakayoambiwa ajumlishe thuluthi na robo atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, apate mbili juu ya saba, jawabu lililo dogo hata kuliko ile thuluthi aliyoanza nayo. Kwa hiyo naona ni wajibu majina yatamkwe na kuzoeleka kabla mstari haujachorwa. Na mtoto hayaanzi ugenini, maana nyumbani husikia saa mbili na robo na saa tatu kasorobo, na wazee wake walipima nafaka kwa pishi, ambayo nusu yake ni kisaga na robo yake ni kibaba.

Lililo zito ni kujumlisha akisami zenye majina mbalimbali, na mfano bora naujua katika faraidhi, elimu ya mirathi ya Kiislamu. Mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume: mke ana thumuni, mama ana sudusi, na mwana huchukua kilichobaki. Thumuni na sudusi hazihesabiki pamoja maadamu majina yao yamehitilafiana, hivyo hutafutwa namba igawanyikayo kwa 8 na kwa 6 bila ya baki, nayo ni 24. Wanazuoni huiita asili ya masuala, kwa neno lilelile la darasani. Mali ikigawanywa mafungu 24, mke hupata 3, mama 4, na mwana 17. Namba 48 pia ingefaa, na mgao usingebadilika, ila mafungu yangekuwa madogo na hesabu ndefu bila ya haja. Ndiyo sababu mwalimu humtaka mwanafunzi atafute kigawe kidogo cha shirika, wala si kigawe chochote tu.