Aggrey Awori na Siasa za Mpakani

Tarehe 5 Julai 2021 ilitangazwa mjini Kampala kwamba Bwana Aggrey Siryoyi Awori amefariki dunia kwa ugonjwa wa Korona, akiwa na umri wa miaka 82. Wako waliomkumbuka kama waziri wa zamani, na wako waliomkumbuka kama mgombea urais. Lakini wazee wa Busia na Tororo wana kumbukumbu nyingine ambayo si rahisi kuitaja matangani: kwamba mtu huyu aliwahi kuongoza waasi dhidi ya serikali ile ile ambayo baadaye alikula kiapo cha kuitumikia.

Ili kumfahamu Awori, yafaa kwanza kuifahamu nchi iliyomzaa. Kutoka Lunyo, upande wa Uganda, hadi Funyula, upande wa Kenya, si mwendo mrefu. Kati yake unapita mto Sio. Wasamia wamekaa kandokando ya mto huo tangu zamani, wakioana, wakizikana na kusemezana kwa lugha moja. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliutoa mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya baadaye. Tangu hapo mto uliokuwa wa kuteka maji ukawa mpaka wa dola mbili. Hakuna Msamia aliyeulizwa.

Katika ukoo wa Kasisi Jeremiah Awori wa Kanisa la Kianglikana na mkewe Mariamu, mpaka huo ulipita katikati ya nyumba. Watoto walikuwa 17. Moody Awori alizaliwa Butere, nchini Kenya, mwaka 1927. Aggrey, mtoto wa kumi, alizaliwa Budimo, nchini Uganda, mwaka 1939. Ndugu yao mwingine, W.W.W. Awori, alikuwa mwandishi wa magazeti na mmoja wa Waafrika wa mwanzo kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, katika miaka ya 1950. Ni familia chache Afrika Mashariki zilizotoa viongozi kwa mataifa mawili namna hiyo, na hazikufanya hivyo kwa hila yoyote. Baba alihubiri alikotumwa na kanisa, na watoto wakawa raia wa nchi walizokulia.

Aggrey alisoma Nabumali, kisha Budo, kisha akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikohitimu mwaka 1965. Kabla ya hapo alikwisha kuiwakilisha Uganda katika michezo ya Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960, katika mbio za mita 110 za kuruka viunzi.

Mwaka 1967 alipewa kuongoza Televisheni ya Uganda, chombo kilichokuwa na umri wa miaka minne tu. Sisi tunaokaa mbele ya maikrofoni ya serikali tunajua uzito wa kiti kile. Mkuu wa chombo cha dola husema kwa sauti isiyo yake, na siku dola inapopinduliwa, yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kutafutwa. Tarehe 25 Januari 1971 wanajeshi wa Idi Amin walitumia Redio Uganda kutangaza kwamba serikali ya Milton Obote imekwisha. Huo ukawa mwisho wa kazi ya Awori katika utangazaji wa Uganda. Alikwenda uhamishoni Kenya.

Obote aliporudi madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, Awori, mfuasi wa chama cha UPC, alipelekwa kuwa balozi Marekani na baadaye Ubelgiji. Kisha tarehe 26 Januari 1986 majeshi ya Yoweri Museveni yaliingia Kampala, na yule balozi akajikuta kwa mara ya pili ni mtumishi wa serikali isiyokuwapo.

Hapo ndipo tunapofika mahali pagumu. Mwaka 1987 kulizuka katika mashariki ya Uganda kundi la wapiganaji lililojulikana kwa jina la FOBA, lenye shabaha ya kumrudisha Obote, na kiongozi wake alikuwa Aggrey Awori. Mwaka huo ulikuwa wa mashaka makubwa kwa watu wa mpakani. Mwezi Oktoba jeshi la Alice Lakwena lilipita Tororo likielekea Jinja, likashindwa, na Alice mwenyewe akakimbilia Kenya. Mwezi Desemba askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi Busia kwenyewe. Watu waliuawa, na mpaka ukafungwa. Serikali ya Kampala iliilaumu Kenya kwa kuwahifadhi waasi, na Nairobi ikajibu kwa lawama zake. Mwananchi wa kawaida, ambaye shamba lake liko Uganda na shemeji yake yuko Kenya, akawa mtu wa kushukiwa pande zote mbili.

Awori hakuwa peke yake kuamini wakati ule kwamba bunduki ndiyo njia. Museveni mwenyewe aliingia Kampala kwa bunduki. Hata hivyo, vita vya FOBA havikupiganwa katika mitaa ya Kampala. Vilipiganwa katika mihogo na mtama wa watu wa Tororo na Busia, yaani watu wake mwenyewe. Obote hakurudi. Aliishi uhamishoni Zambia, akafariki Johannesburg mwaka 2005.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Awori alipatana na serikali, akarejea. Mwaka 1996 wananchi wa Samia-Bugwe Kaskazini walimchagua kuwa mbunge, na kwa miaka kumi ikawa kwamba ndugu wawili wa tumbo moja wameketi katika mabunge mawili: Aggrey Kampala, na Moody, mbunge wa Funyula, Nairobi. Mwezi Septemba 2003 Moody aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Kwa Msamia wa kawaida, mto Sio haukupata kuwa mwembamba kama siku ile.

Aggrey naye aliutaka urais. Katika uchaguzi wa Machi 2001, uliofanyika bila vyama, alikuwa wa tatu, nyuma ya Museveni na Daktari Kizza Besigye, kwa asilimia 1.4 ya kura. Mwaka 2006 alipoteza kiti cha ubunge. Mwaka uliofuata aliiacha UPC akajiunga na NRM, na Februari 2009 Museveni akamteua Waziri wa Habari na Teknolojia ya Mawasiliano, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2011. Mwaka 2009 nyaya za baharini za mawasiliano ziliwasili katika pwani ya Afrika Mashariki. Mkuu wa zamani wa televisheni alikuwa amerudi katika fani yake.

Wako waliomwita kigeugeu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mtu aliyepinduliwa mara mbili na kushindwa vitani ana haki ya kubadili njia, na ni heri abadili kwa kura. Deni lake liko kwingine.

Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu nchini Uganda, ilipewa kuchunguza mambo ya tangu Oktoba 1962 hadi Januari 1986. Wajane wa vita vya enzi ya Amin walisikilizwa, na wa enzi ya Obote vilevile. Yaliyotendeka Tororo na Busia mwaka 1987, na waasi au na askari waliowasaka waasi, yalikuwa nje ya tarehe hizo.